Jiwe la Mizani

Chini ya uwanja wa mbio za farasi, Bahrenfeld,
protoni zilikuwa zikizunguka handaki zima,
nasi tulikuwa juu, zamu ya usiku, mvua ya Hamburg
ikishuka bila hasira, kama mtu anayesoma orodha.
Tjark alikuwa amevua viatu. Soksi zake mbili si ndugu.
"Tazama," akasema, na kwenye kioo
elektroni moja ilikuwa imeruka kushoto, pekee,
na kulia ikafumuka michirizi miwili,
chembe thelathini, arobaini, zimefuatana
kama watoto waliotumwa dukani wakaogopa kutawanyika.

Kwaki yenyewe hatukuiona.
Hakuna aliyewahi kuiona.
Ukiivuta itoke, kani inayoishika hailegei,
hukaza,
na pale unapodhani umeikata kamba
kumbe umezaa ncha mbili mpya
na kila ncha imeshapata mwenza.
Huko ndani, karibu karibu, kwaki ni huru, hazijuani.
Umbali ndio unaozitia pingu.
(Usiniletee mfano wa mapenzi. Wameuleta wote,
hata daktari wangu wa meno.)

Kinachotufikia ni mchirizi: nyayo za mgeni
aliyeondoka kabla mlango haujabuniwa.
Bamba za risasi, argoni baridi, nyaya;
tunajumlisha joto la kila unyayo,
tunasema, alikuwa mzito hivi, alikwenda kule.

Swali letu lilikuwa dogo. Kani hiyo ni kali kiasi gani?
Ni mara ngapi kwaki hutema gluoni njiani,
mchirizi mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu?
Nadharia ilitoa namba. Sisi tulitoa namba.
Zilipishana kwa unywele.

"Tuichapishe," nikasema. Miaka minne nilikuwa nayo,
nilikwisha kuiota imeandikwa.
Tjark hakunijibu. Akanisimulia mama yake,
Bi Gesche, muuza mikunga ya moshi
sokoni Altona, Jumapili kabla ya kengele ya kanisa,
jiwe la shaba la kilo moja mfukoni mwa aproni.
Aliliweka kwenye mizani kwanza,
kabla ya samaki, kabla ya salamu.
"Mteja unaweza kumdanganya," alikuwa akisema.
"Jiwe halina masikio."

Jiwe letu ni elektroni.
Haiijui kani kali, haidaiwi nayo;
inaruka upande huu, michirizi upande ule,
na kwa kuwa hakuna aliyesukuma kutoka pembeni
pande mbili sharti zilingane.
Tukapima. Matukio elfu sitini.
Michirizi ilikuwa nyepesi kwa asilimia moja.
Kidole cha mwenye duka kwenye sahani,
ila hiki kilikuwa kinainua.

Wiki sita tukakitafuta.
Tulibadilisha nyaya, tukatukana kompyuta,
mwisho tukampigia Bogumiła, Krakow,
aliyefunga makasha yale kwa mkono akiwa na mimba.
"Nyufa mmeziangalia?"
Hatukuwa tumeziangalia. Kati ya kasha na kasha,
upana wa ukucha,
chembe za polepole ziliingia zikalala
bila kuandikishwa.

Lugha ninayoandikia ina neno moja, mizani,
la kupimia nyama na la kuhesabia silabi.
Nalipenda kwa hilo. Ubeti ukipungua silabi moja
sikio hujua kabla ya kidole.

Tukarekebisha. Namba ikasogea, ikatua
palepale walipoikuta wengine
kwa mashine nyingine, miaka mingine:
sifuri nukta moja moja nane,
na mkia wa shaka ambao hatukuukata.
Hakuna aliyepiga makofi.
Profesa Lüdeking akasema, "Vema,"
akaulizia ufunguo wa stoo.

Kiangazi kile mashine ilizimwa.
Bi Gesche alikuja na mikunga ndani ya gazeti,
akauliza, baada ya miaka yote hiyo, tumepata nini.
Kilekile, nikamwambia. Walichopata wengine.
Akafuta mikono, kwanza mmoja, halafu mwingine.
"Basi mizani yenu nzima."
Nje, uwanjani, kijana alikuwa akimtembeza farasi mmoja
raundi baada ya raundi, hana haraka,
juu ya mahali ambapo hapakuwa tena na kitu kinachozunguka.